Milka na Viatu Vilivyotazama Barabara

Ibada ya Kiswahili kule Mesaimeer, ughaibuni kwa Waarabu, ilikuwa na wahubiri watatu, kwaya mbili zisizopatana, na Milka. Mhubiri angeweza kukosa, na kwaya zingeweza kununiana mwezi mzima, watu wakaabudu tu. Lakini Ijumaa ambayo Milka amepangiwa zamu kazini, ibada ilipwaya, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika daftari la maombi.

Lilikuwa daftari kubwa la jalada jeusi. Baada ya mahubiri watu walimfuata mmoja mmoja kwenye meza yake karibu na mlango, na habari za nyumbani: mtoto anafanya mtihani, mama ana sukari, kaka hajulikani alikoenda. Milka aliandika tarehe, jina, mahali na haja, kwa mwandiko uliosimama wima, kisha akasoma yote kwa sauti na watu wakaomba. Alikuwa amefanya hivyo tangu 2008, na hakuna aliyewahi kufikiria kumpokonya kalamu.

Alikuwa na sheria moja, aliyoirithi kwa akina mama wa kanisa la kwao Kimuri: namna mtu alivyokufa haiandikwi. Aliyegongwa na lori, aliyekunywa dawa ya ng'ombe, aliyekutwa mtaroni, wote aliwaandikia maneno yale yale, "Amelala katika Bwana." Mtu akianza kueleza, Milka aliinua kalamu juu. "Inatosha, dadangu. Mungu anajua hayo mengine." Na watu walimshukuru, kwa maana ni nani anayetaka aibu ya nyumbani kwake isomwe mbele ya kwaya mbili? Ukilisoma daftari lile toka mwanzo ungedhani Kenya hakuna mtu aliyewahi kuuawa.

Siku nyingine za wiki Milka alikuwa mhudumu wa mikutano katika hoteli moja ya Al Sadd. Alipanga chupa za maji, akaleta chai na biskuti saa nne, kisha akasimama ukutani na kizibao chake cheusi, akisubiri mtu anyooshe kidole. Miaka sita ya kusimama ukutani ilikuwa imempa elimu ya ajabu ajabu. Alijua habari za gesi, za nyasi za viwanja vya mpira na za mizizi ya meno kuliko mtu yeyote wa ukoo wao, na hakuwa na wa kumsimulia.

Damaris hakutaka kusimuliwa. Damaris ndiye aliyelala kitanda cha juu katika chumba chao cha kampuni kule Al Thumama, msichana wa Mawe Mbili, mwembamba, mpole, mfanya usafi wa vyumba hotelini hapo hapo. Mtu mwema kabisa, ila kwa jambo moja lililomtoa Milka roho: viatu. Alivirusha. Kimoja mlangoni, kingine chini ya meza. Kila asubuhi Milka, ambaye hakuweza kuona kitu kimekaa upande, aliviokota na kuvipanga pamoja chini ya kitanda, na kila akirudi alivikuta vimetawanywa tena. Waligombana kwa hilo karibu miaka miwili. "Wewe ulilelewa na nani?" Milka alimuuliza siku moja, na Damaris akapanda kitandani akageukia ukuta.

Haja moja ilirudi katika daftari kila Ijumaa tangu Machi 2010: "Njenga, Kimuri, kesi." Njenga alikuwa kitinda mimba wa kwao, fundi wa viatu sokoni, kijana wa mzaha aliyeweza kushona soli huku akikuchekesha mpaka ukasahau kudai chenji. Mchumba wake, Nyokabi, alikutwa amekufa kando ya barabara kuu, na polisi wakamchukua Njenga siku ya mazishi. Tangu hapo yuko rumande. Korti ilikuwa imesema ana kesi ya kujibu, na tarehe tatu Desemba 2012 angesimama kujitetea. Mauaji si kosa la faini. Likikupata, umekwisha.

Na Milka hakujua kama ndugu yake aliua au hakuua. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Mama alipojaribu kumweleza kwenye simu namna Nyokabi alivyokutwa, alimkata kauli kama alivyowakata wengine: "Mama, inatosha." Kwa hiyo alimwombea Njenga kila wiki bila kujua anamwombea nini, aachiliwe au asamehewe.

Hali ilikuwa hiyo pale Oktoba, wiki ambayo ukumbi wa pili wa hoteli ulijaa maafisa wa polisi na wasomi wa nchi nyingi, semina ya siku tano. Milka alisukuma kigari cha vikombe ndani, akainua macho kwenye ukuta mweupe wa picha, na akasoma maneno "wauaji wa mfululizo". Walikuja kuzungumza juu ya watu wanaoua, wakapumzika, wakaua tena.

Mwenye kuongoza alikuwa Profesa Munira, mama mfupi wa Kimisri, miwani kichwani, sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Hakupaza sauti, hakukunja uso. Alianza na swali ambalo Milka aliliona la kipuuzi: ni maiti wangapi wanatosha kumwita mtu jina hilo? Wakaanza kubishana. Huyu anasema watatu, yule wanne, mwingine wawili. Wakabishana je, ni lazima kuwe na muda wa kupoa katikati, siku, wiki, mwaka? Chai ikapoa wasiiguse. Milka pale ukutani alichukia. Watu wazima, wamevaa tai, wanapatana bei ya wafu!

Ndipo Profesa Munira akasema, "Mnajua kwa nini mimi niko upande wa wawili? Kwa sababu tukisema watatu, tunamsubiri wa tatu afe ndipo tuanze kutafuta."

Kumbe ile namba haikuwa mchezo wa wasomi. Ndani ya ile namba palikuwa na mwanamke mmoja aliye hai, anafua nguo mahali fulani, na hajui kwamba ukumbini wanamgombania. Milka alimtazama yule mama mfupi akaona huruma ambayo hakuwahi kuiona hata madhabahuni.

Kuanzia saa hiyo hakutoka ukumbini hata zamu yake ya kupumzika ilipofika. Aliona fasili ikiandikwa ubaoni, fupi kama risiti: watu wawili au zaidi, wameuawa na mkosaji yule yule, katika matukio tofauti, nyakati tofauti. Anayeua wengi mahali pamoja kwa mara moja ni jambo jingine, lina jina lake. Kisha wakaja kwenye mafungu. Wapo wanaosikia sauti zikiwatuma. Wapo wanaodhani wanaisafisha dunia. Wapo wanaotafuta raha au faida, na wapo wanaotaka tu kumshika mtu mwingine mikononi na kuamua apumue au asipumue. Wakagawanywa tena kwa miguu yao: anayeua mahali pamoja, labda wodini anakofanya kazi, asiyetoka mtaani kwake, na anayesafiri, akaacha mmoja huku na mwingine kule.

"Lakini msiviabudu visanduku hivi," Profesa akawaonya. "Vinavuja. Mtu mmoja anaweza kukaa katika viwili. Wengi wao wana kazi, wana wake, wanasalimia majirani. Na yule anayesafiri hufaidika na sisi wenyewe, kwa sababu kila kituo cha polisi kina kitabu chake, na kitabu hakisomi kitabu kingine."

Milka alikuwa na birika mkononi, na alilishika mpaka mkono ukafa ganzi. Kwamba kuna watu waliokaa wakalitazama jambo la kutisha kiasi hicho bila kufumba macho, wakalipima, wakalipa mafungu, kisha wakakubali mafungu yenyewe hayatoshi! Alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba uovu unafunikwa na shuka. Hawa waliifunua shuka kwa heshima kubwa kuliko wanaofunika, na ajabu hiyo ilimwandama mpaka kwenye basi la kampuni jioni.

Siku ya tatu Profesa alitenganisha mambo mawili. Kuna anachokifanya muuaji ili aue na asikamatwe. Hicho hubadilika, maana naye hujifunza. Na kuna anachokifanya bila sababu, kisichomsaidia kuua wala kukimbia, ila moyo wake unakidai. Hicho husafiri naye, ndiyo sahihi yake.

Wakati wa chai Milka alimpelekea kikombe, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimsemesha mgeni jambo lisilo la sukari.

"Madamu, samahani. Mtu akitaka kujua kama kifo kimoja kina ndugu zake, aulize nini?"

Profesa alishusha miwani. Hakumuuliza wewe ni nani wa kuuliza. "Aulize ni kitu gani kilifanywa pale ambacho hakikuwa na haja ya kufanywa," alisema. "Halafu aulize kwingine. Lakini dada, lazima kwanza akubali kusikia. Wengi hawataki."

Mchana ule ule, katika ngazi za nyuma za hoteli, Milka alimpigia simu Ndirangu, wakili ambaye korti ilimpa Njenga. Wakili alidhani anataka kujua tarehe.

"La. Nataka uniambie vile Nyokabi alipatikana. Kila kitu."

"Dada Milka, una uhakika? Mama yako alisema wewe hutaki—"

"Niambie, wakili."

Akamwambia. Alinyongwa, hakuibiwa kitu. Na viatu vyake vilikuwa vimevuliwa, vikapangwa sambamba kando yake, ncha zikitazama barabara, na kitambaa cha kichwa kimekunjwa vizuri ndani ya kiatu cha kushoto. "Hapo ndipo wanatubana," wakili alisema. "Wanauliza, nani mwingine angejali viatu hivyo isipokuwa mtu aliyempenda? Tena fundi wa viatu?"

Milka alikaa kwenye ngazi. Viatu havikuwa na haja ya kupangwa.

Alirudi Al Thumama jioni hiyo. Damaris alikuwa zamu. Viatu vyake vya mpira vilikuwa pale pale pa siku zote, kimoja mlangoni kimelala ubavu, kingine chini ya meza. Milka aliinama kwa mazoea, akaviokota, akavipeleka chini ya kitanda, akaviweka sambamba. Na hapo akavitazama upya. Alikumbuka kwamba Damaris hakuwa hivyo alipofika. Mwaka wa kwanza viatu vyake vilikaa kama vya watu wengine. Alianza kuvirusha baada ya Novemba 2010, alipofiwa na dada yake Kalondu.

Alilitoa daftari chini ya mto akalifungua. Mwandiko wake mwenyewe, wima, msafi: "Kalondu, dada wa Damaris, Mawe Mbili. Amelala katika Bwana." Alikumbuka hata ile Ijumaa. Damaris alisimama mbele ya meza, akaanza kusema kitu, na yeye Milka akainua kalamu.

Angeweza kumuuliza chumbani. Aliogopa, na tena alifikiri: kama nilimfunga mdomo mbele ya watu, nimfungulie mbele ya watu. Na daftari lilikuwa na majina mengi mno yaliyolala. Kwa hiyo alingoja Ijumaa, na hizo siku mbili alizihesabu kwa dakika.

Ijumaa hiyo, haja ziliposomwa zote, Milka hakukaa. Alisimama na daftari kifuani, kipoza hewa kinanguruma juu yake.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Ndugu zangu, hiki kitabu kimedanganya, na mimi ndiye nilidanganya. Njenga ambaye mnamwombea ni ndugu yangu wa tumbo moja. Anashtakiwa kuua mchumba wake. Na huyo msichana hakulala. Aliuawa." Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa kile kikohozi cha kumwambia mtu akae. Milka hakukaa. "Walimpata kando ya barabara. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa pamoja, vinaangalia barabara, na kitambaa—"

"Ndani ya kiatu cha kushoto."

Sauti ilitoka nyuma. Damaris alikuwa amesimama, mikono yake imeshika kiti cha mbele. "Kimekunjwa mara nne," alisema. "Mama ndiye alimpata Kalondu. Watu tuliwaambia ni pressure, juu ya aibu. Milka, mimi nilitaka kukwambia. Lakini wewe ulikuwa unalia ndugu yako kila siku, nikaona nikikuletea hii utadhani nakusimanga."

Hakuna aliyekohoa tena. Kisha kule upande wa wanaume akasimama Philip, dereva wa familia moja ya Al Thumama, mtu mzima wa Gatura Chini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya "Amina". Alikuwa anazungusha kofia mkononi. "Binti wa shangazi yangu," alisema. "Mwaka wa 2008. Mwezi wa tano. Sisi tulishangaa sana hivyo viatu. Shangazi alivichoma."

Milka aliketi, akalifungua daftari. Gatura Chini, Kimuri, Mawe Mbili: miji mitatu, wilaya tatu, vituo vitatu vya polisi, na barabara ni ile moja. Wale wanawake watatu walikuwa wamelala katika daftari lake, kurasa tu zikiwatenganisha, kwa miaka, na yeye ndiye aliyewafunika. Na Kalondu aliuawa Novemba, miezi minane baada ya Njenga kufungiwa rumande.

Hakufurahi. Wanaomjua wanasema hakulia pia. Alimfuata Damaris pale nyuma, akapiga magoti mbele yake kwenye zulia, mbele ya kwaya zote mbili, na akasema kitu kimoja tu. "Kila asubuhi nilikuwa navipanga. Damaris, miaka miwili, kila asubuhi nilikuwa nakupangia."

"Najua," Damaris alisema. "Ulikuwa hujui." Akamwinua.

Jumamosi Milka alimwahi Profesa Munira kwenye sebule ya hoteli, mizigo yake iko mlangoni. Alimtafsiria zile kurasa tatu, na yale ambayo kurasa hazikusema. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo wahudumu wa mapokezi walilisimulia mwaka mzima: alisimama, mgeni mzima wa hoteli, akamwachia mhudumu kiti chake, akamwambia akae.

"Nimesoma mafaili miaka thelathini," alisema. "Sijawahi kuona yameunganishwa na watu wanaoomba." Alilishika daftari kwa mikono miwili. Kisha akarudia ile sauti yake ya orodha ya dukani. "Sasa usidanganyike. Fasili yetu haifungui gereza. Kufanana si ushahidi bado. Mwambie wakili aombe mafaili ya vituo vyote vitatu, picha zote, ayaweke juu ya meza moja. Na yule mama aliyemwona mwanawe, aseme kwa mdomo wake."

Wakili Ndirangu aliyaomba. Alizungushwa, akarudi, akazungushwa tena, na tarehe tatu Desemba ikasogezwa mbele. Picha za Mawe Mbili zilipatikana, za Gatura Chini hazikuwahi kuonekana. Mama yake Damaris, mkulima wa mbaazi asiyewahi kuingia kortini, alipanda kizimbani Februari 2013 akaeleza alichokiona, mpaka kitambaa, mpaka mikunjo yake minne. Mwezi uliofuata jaji alimwachilia Njenga. Aliyefanya yale mambo hakujulikana siku hiyo, ila mafaili mawili na maelezo ya Philip yalifungwa pamoja kwa kamba moja, na kuna afisa aliyepewa kazi ya kuyasoma kama kitu kimoja.

Milka alitaka kusikia sauti ya Njenga siku ile ile. Simu ya mama ikaita, ikaita. Njenga hakuwa amefika nyumbani. Siku ya pili vile vile. Mama alikuwa ameshaanza kulia upya, na Milka pale ukutani aliangusha kijiko mbele ya watu wa mambo ya saruji.

Siku ya tatu, adhuhuri, alimkuta Damaris ameketi kitandani na simu mkononi.

"Mama amepiga," Damaris alisema. "Anasema kuna kijana amekuja kwetu. Hakusalimia, hakusema jina. Ameingia kwa shamba penye kaburi la Kalondu, akaanza kung'oa majani. Kortini Mama hakuwahi kumwangalia mshtakiwa usoni, akadhani ni mwendawazimu, akaita majirani. Halafu akaona pale kwa njia. Alikuwa amevua viatu, Milka. Kimoja amekitupa kwa mbaazi, kingine huko ng'ambo ya fensi. Mbali mbali kabisa."

Milka akaketi kando yake.

"Hapo ndipo Mama alijua ni ndugu yako," Damaris alisema. "Amempikia. Bado anapalilia."

Baadaye Milka alilitoa daftari, akatafuta ule ukurasa wa Novemba 2010, akakata maneno yake matatu kwa mstari mmoja ulionyooka. "Niambie vile unataka niandike," alisema, na safari hii kalamu yake ilikuwa chini, kwenye karatasi. Damaris alianza kumwambia, tangu mwanzo, na Milka akaandika yote.